Mfalme Aliyepakwa Mafuta Mpaka Kwenye Kwato

Nina hadithi mgongoni.

— Itue!

Nzito hii, na nimetoka nayo mbali.

— Tukupokee!

Nikiitua hapa, nani ataibeba tena?

— Sisi sote!

Basi naitua. Sogeeni.

Mmenijia hapa jikoni baada ya ibada, nyinyi akina mama wa umoja, mkaniambia: Mama Ndeshi, kubali uwe mwenyekiti wetu. Sikuwajibu. Niliwaambia subirini wali ukauke. Wali bado, makaa ndiyo kwanza yamepaliwa juu ya mfuniko, kwa hiyo kaeni niwajibu kwa njia yangu. Watoto nao wakae, wasinichungulie sufuria.

Leo mchungaji amehubiri juu ya wafalme wa Israeli. Amesema watu walimwomba Mungu mfalme ili wafanane na mataifa mengine, wakaonywa, wakaziba masikio, wakapewa Sauli, mrefu kuliko wote kuanzia mabegani. Alipofika kwenye mabega, jua la dirishani lilinipiga usoni. Macho yakawa mazito, na sauti ya mchungaji ikawa inatoka ng'ambo ya mto. Niliyemwona akipakwa mafuta hakuwa Sauli, alikuwa Mbogo. Kwa hiyo mkisikia jambo ambalo halimo kwenye Maandiko, msimlaumu mchungaji. Limo kwenye usingizi wangu.

Mpo?

— Tupo!

Hapo kale palikuwa na nchi ya ukungu, chini ya mlima. Kila asubuhi ukungu ulishuka taratibu ukalala juu ya majani, na wanyama wakatembea ndani yake wakionekana nusunusu, pembe bila miguu, masikio bila kichwa. Katikati ya nchi hiyo palikuwa na mwamba mmoja mweusi, mpana, na chini ya mwamba ilitoka chemchemi. Maji yake yalisema chururu, chururu, wakati wote, na hakuna aliyejua yanatoka wapi. Wanyama walisema yanatoka kwa Mungu, wakanywa.

Nchi ile haikuwa na mfalme. Ilikuwa na desturi moja tu. Wanyama walipokwenda kunywa, yule aliyewatangulia njiani hakunywa. Alipanda mwambani, akasimama, akaangalia kama Chui yuko kichakani. Wadogo walikunywa kwanza, wakafuata wenye mimba, wakafuata wazee, wakafuata wengine wote. Wakishamaliza, yule aliyetangulia akashuka akanywa yeye. Aliyetangulia njiani alikunywa mwisho. Ukitaka kumjua kiongozi wa siku hiyo, ulitazama midomo. Mwenye midomo mikavu ndiye.

Juu ya mwamba aliishi Pimbi na watoto wake. Mnamjua Pimbi, yule mdogo wa mawe, mnene kidogo, asiye na mkia wa kujivunia. Nyayo zake zina jasho, kwa hiyo zinanata kwenye jiwe. Akipanda utasikia ta, ta, ta, na tayari yuko juu, pale panapomshinda mbuzi. Lakini ana udhaifu mmoja. Mwili wake haujui kujipasha moto wenyewe. Asubuhi asipolala kifudifudi juu ya jiwe lililopata jua, baridi inamgandisha, na watoto wake ndio wanaokwenda kwanza. Mwamba ule ndio uliowaweka hai, yeye na wanawe, na mama yake kabla yake.

Sasa wanyama walichoka kukaa vizuri. Hutokea. Walisikia kwamba kule tambarare kuna mfalme, ana sauti, anatembea mbele na wote wanatetemeka, wakaona wivu wa kutetemeka. Wakamwendea Korongo, mzee wa shingo ndefu aliyekuwa akiwaombea kwa Mungu na kutunza kibuyu cha mafuta ya ufuta. Wakasema wanataka mfalme. Korongo akawaambia mfalme atachukua majani yenu, atachukua watoto wenu wamfukuzie nzi, na mwisho atachukua maji. Wakasema sawa, lakini tunamtaka. Korongo akaenda kuomba, akakaa huko mpaka ukungu ukaondoka, akarudi kichwa kimeinama. Mungu amekubali, alisema, ila hakukubali kwa kicheko.

Wakachagua kwa mabega. Mwenye mabega makubwa kuwashinda wote alikuwa Mbogo. Walipomtafuta walimkuta amejificha kwenye matete kwa haya. Korongo akamwambia apige magoti, akainua kibuyu, akamimina. Mafuta yakatiririka kati ya pembe, yakashuka polepole, yakafika kwenye nyusi, yakaishia hapo. Na Mbogo akalia. Huwa watu hawalitaji hili wakisimulia, lakini mimi nilimwona. Alilia, akauliza yeye ni nani hata apewe jambo kubwa namna ile. Nilimpenda siku hiyo.

Mbogo aliendelea kuwa mtu mwema mpaka alipopata wa kumsifu. Ndege mmoja mweupe, Yangeyange, alikuja akatua mgongoni kwake akaanza kula nzi. Na kila nzi mmoja, sifa moja. Asubuhi moja Yangeyange akamwuliza kama ameshakunywa. Mbogo akasema bado, anasubiri wadogo.

"Mfalme anasubiri wadogo?" akasema Yangeyange, taratibu tu, akameza nzi.

Siku hiyo Mbogo alikunywa kwanza. Ilikuwa ni kunywa tu, hakuna aliyesema kitu. Siku nyingine alikunywa kwanza, akaingiza miguu ya mbele, maana kulikuwa na joto. Siku nyingine alikunywa kwanza, akaingiza miguu yote. Siku nyingine alikuja dindi, dindi, dindi, akajitupa chubwi, akalala humo humo mpaka jioni. Wengine walisimama pembeni kwenye ukungu wakingoja. Alipotoka, walikunywa tope. Watoto wakawa wanakohoa, na ile chururu ikawa haisikiki vizuri, inakuja na kupotea chini ya matope.

Pimbi aliendelea kukaa juu ya mwamba na kupiga kelele akimwona Chui. Sauti ya Pimbi mnaijua, inaanza kidogo inaishia kubwa. Yangeyange akasema inamwamsha mfalme, ikapigwa marufuku. Kesho yake Chui akaja ndani ya ukungu bila haraka, akachukua mtoto wa Swala pale pale penye tope. Mama yake alisimama akiita mpaka sauti ikamwishia. Mbogo aliposikia aliumia kweli, akamtuma Yangeyange akatoe pole. Yangeyange akafika, akala nzi wawili watatu waliokuwa pale, akarudi.

Mpo bado?

— Tupo!

Hee, sauti zenu zimeshuka. Yangu nayo ilishuka vile vile.

Basi ikafika siku Mbogo akauona mwamba. Alikuwa akiuona kila siku, lakini siku hiyo aliuona. Ulikuwa umekaa kwenye jua, mweusi, wa moto, juu ya wote. Akamwambia Pimbi anautaka uwe kiti chake cha enzi.

Pimbi akapiga magoti akasema kwa adabu zote, "Siwezi, Baba. Mwamba huu niliachiwa na mama yangu, naye aliachiwa na mama yake. Wanangu wakikosa jua lake hawataamka."

Mbogo akanuna. Akaenda kulala na uso ameuelekeza kwenye kichuguu, akakataa majani. Mtu mzima, mabega yale yote, amenuna mbele ya kichuguu. Yangeyange akatembeatembea mgongoni kwake, akamwuliza kwani mfalme ni nani katika nchi hii. Na kabla jua halijageuka tangazo likatoka. Siku ya Sikukuu ya Mafuta, siku ya kukumbuka kupakwa kwa mfalme, Mbogo atapanda mwambani akae. Pimbi na watoto wake watafute pengine. Na hakukuwa na pengine. Nchi nzima ilikuwa majani na ukungu, na jiwe lilikuwa moja.

Pimbi aliwakusanya watoto wake kwenye jua la saa nne, wakalala juu yake na ubavuni mwake, wakasinzia. Alilia kimya kimya wasiamke. Aliogopa, na mimi niliyekuwa nimesinzia kanisani niliogopa pamoja naye. Alilia mpaka machozi yakakauka juu ya jiwe. Akatazama nyayo zake. Akazibandua kwenye jiwe, akazibandika tena. Akazibandua, akazibandika. Ta, ta. Akakaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayesikiliza wimbo ambao wengine hawausikii.

Kisha akashuka kwenda kwa mfalme.

Akasema hakuja kubisha. Mwamba ni wa mfalme, na auchukue. Kuna jambo moja tu linamsumbua, na yeye ni mdogo, huenda haelewi mambo ya wakubwa. Mbogo akamwambia aseme.

"Baba, siku ile ulipopakwa mafuta, yaliishia wapi?"

"Kwenye nyusi," akasema Mbogo.

"Ndiyo. Nami nilikuwepo. Basi mfalme anaanzia kwenye pembe anaishia kwenye nyusi. Huku chini ya nyusi ni nani?"

Mbogo akajitazama. Akageuza shingo akatazama bega lake. Akatazama tumbo. Akatazama mkia, mkia ukatikisika. Hakuwahi kulifikiri jambo hili. Akamwuliza Yangeyange. Yangeyange akasema mfalme ni mzima mzima, kila mahali, hata kwenye mkia. Mbogo akamwuliza kama mgongo nao ni mfalme, mbona yeye ameukalia? Yangeyange akakohoa, akasema labda mgongo haujapakwa bado.

"Mimi sijasema kitu," akasema Pimbi, macho chini. "Nawaza tu, Baba. Kipande hicho kidogo kimeweza kutawala nchi yote. Je, ungepakwa mwili mzima?"

Akaondoka, ta, ta, ta. Na kweli hakuwa amesema kitu. Rudieni maneno yake mtafute uongo, hamtaupata.

Mbogo hakupata usingizi wa mchana. Tangazo jingine likatoka, kwamba wanyama wote walete ufuta wautwange, mfalme atapakwa upya kwenye sikukuu, safari hii mzima. Nchi nzima ikasikika tu, tu, tu. Wakatwanga, wakakamua, wakaleta. Mfalme akasema ni kidogo. Wakatwanga, wakakamua, wakaleta. Mfalme akasema hayo ni ya bega moja. Wakatwanga, wakakamua, wakaleta. Mfalme akasema na tumbo je? Ufuta wa kula ukaisha, ufuta wa mbegu ukaisha. Harufu ya mafuta ikalala ndani ya ukungu, tamu, nzito, mpaka watu wakawa wanatembea kama wamelewa.

Walimchukia Pimbi. Ngiri alikuja chini ya mwamba akamwambia amewauza wote ili ajipendekeze. Swala, yule aliyempoteza mtoto, alimtazama tu, na hilo ndilo lililomwuma Pimbi zaidi. Lakini hakujieleza. Aliwaambia walete mafuta, na mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Leteni hata yale mliyoficha."

Siku ya Sikukuu ya Mafuta ikafika. Ukungu ulikuwa mweupe kama maziwa, na jua lilikuwa ndani yake, halijatoka. Korongo akaitwa aje amimine. Mzee akaja na kibuyu chake kwapani, akatazama ile mitungi yote, akakataa.

"Mimi nilimimina mara moja, kwa kuwa niliamriwa," akasema. "Haya mengine ni mapishi."

Akasimama pembeni kwa mguu mmoja, akafumba macho. Basi wakamimina wenyewe. Wakampaka mabega, yakang'aa. Wakampaka tumbo, likang'aa. Walipofika mgongoni Yangeyange aliteleza, akashika, akateleza, akaanguka upande wa pili, pu. Wakampaka mapaja, wakampaka mkia mpaka kwenye kile kishada cha nywele. Mbogo aling'aa mpaka ukungu uliomzunguka ukawa wa dhahabu. Nakwambieni alikuwa mzuri. Wanyama wakasahau wana njaa, wakamtazama midomo wazi.

Mbogo akauliza kama yote yamekwisha. Wakasema yamekwisha, Baba. Ndipo sauti ndogo ikatoka juu ya mwamba, "Na kwato?"

Vichwa vyote vikainama kutazama kwato.

Pimbi akasema ni swali tu. Mfalme mzima atapanda kwenye kiti chake cha enzi kwa kwato za raia? Mbogo akatazama kwato zake akaona aibu. Akainua mguu mmoja, wakaupaka chini kwenye unyayo. Akainua wa pili. Akainua wa tatu. Akainua wa nne, na hapo tu alikuwa karibu kuanguka, lakini alidhani ni furaha.

Akaenda kwenye mwamba. Akaweka mguu. Dindi. Akaweka wa pili. Dindi. Akapanda kidogo. Mwamba ulikuwa na umande wa ukungu juu yake. Mbogo akajivuta, akafika nusu, na kwato zikaachia. Serereee. Akarudi chini. Akasema alikuwa anaupima tu. Akapanda tena, kwa hasira, akafika juu zaidi, karibu aone upande wa pili. Serereee. Akashuka kwa kidevu. Akasema wamsukume. Ngiri na pundamilia wawili wakamsukuma, lakini hawakupata pa kushika, walikuwa wanapita tu, kila aliyemsukuma alijikuta amemkumbatia na kuteleza. Akapanda mara ya mwisho kwa kukimbia kutoka mbali, dindi dindi dindi dindi, akaruka, akafika juu kabisa. Nawaambia alifika. Kwa muda mfupi alisimama kwenye kilele, mafuta yanametameta, jua likatoboa ukungu likampiga, na kila mtu akaona mfalme.

Kisha akaanza kuteleza upande wa chemchemi. Polepole. Alitazama mbele akijaribu kuonekana kama anayekwenda huko kwa hiari yake.

Serereeeee. Chubwi.

Aliangukia kwenye shimo la tope, lile alilolichimba mwenyewe kwa kulala. Lilikuwa refu kuliko alivyodhani, maana mtu anayelala kila siku mahali pamoja hajui ameshuka kiasi gani. Akazama mpaka kifuani. Akajitutumua, akazama mpaka shingoni. Wakamtupia ukambaa, ukateleza shingoni. Wakautupa kwenye pembe, ukateleza kwenye pembe. Yangeyange akaruka juu, akazunguka mara moja, akaenda zake kutafuta mgongo mwingine.

Wanyama wakasimama kuzunguka shimo. Wangeweza kuondoka. Hakuna ambaye angewauliza, na kila mmoja aliliwaza hilo, ukungu ulikuwa unarudi kuwafunika. Pimbi naye alikuwa juu, na mwamba ulikuwa wake tena, na watoto wake walikuwa kwenye jua. Alilolitaka alikuwa amelipata.

Mbogo akainua pua juu ya tope akasema, "Dada Pimbi, nina kiu."

Alikuwa katikati ya chemchemi, lakini mdomo wake ulikuwa umejaa tope. Na sauti yake ilikuwa ile ya siku ya kwanza, ya yule aliyejificha kwenye matete.

Swala ndiye aliyeanza. Si Pimbi, msije mkasema ni Pimbi. Swala, mama wa yule mtoto, aliinama akachota mavumbi kwa mguu wake, akayarusha mgongoni kwa Mbogo. Mara ya kwanza walidhani anamzika. Akarusha tena, wakaona mavumbi yanakunywa mafuta. Pimbi akapiga kelele kutoka juu, "Mavumbi, jamani, leteni mavumbi." Wote walioleta mafuta wakaleta mavumbi. Walioleta mengi wakaleta mengi, walioleta kidogo wakaleta kidogo. Wakampaka mavumbi shingoni, wakampaka mavumbi kwenye pembe, wakaendelea mpaka mfalme hakung'aa popote, akawa na rangi ya njia. Ndipo ukambaa ukashika. Wakavuta. Haya, vuteni nanyi. Wakavuta.

— Harambee!

Wakavuta.

— Harambee!

Akatoka, ploo. Shimo likapumua nyuma yake, na baada ya muda maji yakajitafuta ndani ya tope yakajipata. Chururu. Kidogo. Chururu. Wadogo wakasogea kunywa, wakafuata wenye mimba, wakafuata wazee. Mbogo alikuwa na kiu kuliko wote. Alitembea taratibu, akapita karibu na maji, akaenda kusimama nyuma kabisa ya msururu. Hakuna aliyemtuma. Alipopita mbele ya Swala aliinamisha kichwa, akalia tena. Swala alimtazama. Alimwacha apite.

Sasa mnafikiri wanyama walijifunza? Msururu haujaisha wakaanza kuulizana nani awe mfalme mpya. Wakatazama juu, wakamwona Pimbi. Wakasema ana akili huyo, apakwe. Korongo akafumbua macho, akatikisa kibuyu chake cha zamani, kikalia kwa ndani. Lilikuwemo tone.

Pimbi aliposikia hivyo alikimbia. Mimi mafuta siyawezi, alisema, nikipakwa nitateleza, nani atawaangalizia Chui? Akageuka kuingia kwenye ufa wa mwamba. Lakini shingo ya korongo ni ndefu. Mzee akainyoosha, akapindua kibuyu, na lile tone likamkosa kichwa, likamwangukia katikati ya mgongo. Ndiyo maana Pimbi ana kile kidoa mgongoni, manyoya yake pale yana rangi nyingine. Mkienda kwenye mawe mtazame.

Basi akawa mfalme bila kutaka. Hakujenga kiti, hakupiga mbiu. Alikaa pale pale juu ya mwamba na watoto wake, akaangalia Chui, akasubiri wengine wanywe ndipo na yeye anywe. Na wengine hawaishi. Swala akimaliza anakuja Ngiri, Ngiri akimaliza wanakuja pundamilia, wakimaliza hao watoto wana kiu tena. Mpaka leo ukipita kwenye mawe asubuhi utamwona amelala kifudifudi kwenye jua, macho nusu wazi, nusu ndotoni. Ukimfuatilia utashangaa, humwoni akishuka kunywa. Watu wanasema hanywi maji kwa sababu umande wa majani unamtosha. Mimi najua. Anasubiri zamu yake.

Hapo mchungaji akasema amina, nikaamka.

Hadithi nimeitua. Aliyeiona nyepesi aibebe, aliyeiona nzito aite mwenzake.

— Na fundisho lake, Mama Ndeshi?

Fundisho lake liko wazi kabisa. Usikubali uongozi, utakufa kiu. Ukisikia watu wanatafuta kiongozi, kimbia, na ukikimbia usiwape mgongo. La pili, ukishakuwa mfalme, tafadhali usisahau kwato. Kwa hiyo jibu langu kwenu ni hapana. Nimekataa uenyekiti, nimekataa mbele ya mashahidi, msiniletee tena maneno hayo.

Haya, nasikia wali unalia chini ya sufuria, umekauka. Ondoeni makaa. Watoto waje mbele, wale wadogo kabisa, huyo mwenye kikohozi aanze. Kisha mama mwenye mimba pale mlangoni, mbona amesimama, mpeni kiti. Kisha wazee. Nyinyi wengine pangeni mstari, msisukumane.

Mimi? Mimi nitakula ukoko. Nipeni huo upawa nigawe.